Kulinganisha Paneli za Sola na Kikomo cha Ampea cha Inveta: Mwongozo Kamili kwa Nyumba za Nyanda za Juu Kusini

Wanaokwama katika kazi hii hukwama mahali pale pale. Mmoja amenunua paneli sita za wati 550, ambazo jumla yake ni wati 3,300, lakini kioo cha inveta hakivuki wati 2,400 hata mchana ambao jua linachoma utosi. Mwingine alifunga paneli tisa mwezi wa tatu, zikafanya kazi bila tatizo hadi baridi ilipoingia, kisha asubuhi moja ya Julai inveta ikatoa mlio, ikaandika kosa la volti, na haikuwaka tena. Wote wawili waliambiwa dukani kwamba inveta yao "inabeba wati 5,500", nao wakaamini kwamba wati ndizo zinazoamua kila kitu.

Inveta ya nyumbani ina vikomo vitatu upande wa paneli: volti, ampea na wati. Namna paneli zinavyoungwa juu ya paa ndiyo inayoamua ni kikomo kipi kitaguswa kwanza. Katika mikoa ya Mbeya, Iringa na Njombe jambo hili ni zito zaidi kuliko pwani, kwa sababu baridi ya alfajiri hupandisha volti za paneli, na jua la mwinuko, hasa linapochomoza ghafla kati ya mawingu ya masika, hupandisha ampea. Anayenakili mpangilio wa ndugu yake wa Dar es Salaam anaweza kuharibu inveta bila kukosea waya hata mmoja.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usipande paani kabla ya kuvikusanya vyote.

- Kitabu cha maelezo cha inveta, au picha safi ya kibandiko kilicho ubavuni mwake.
- Picha ya kibandiko kilicho nyuma ya paneli. Piga picha ya kila paneli, hata kama muuzaji anasema zote ni sawa.
- Multimita inayopima volti za DC (umeme wa mkondo mnyoofu, kama wa paneli na betri) hadi 600 au zaidi. Zile ndogo zinazoishia volti 200 ni hatari kwa kazi hii.
- Klampu mita inayopima ampea za DC. Nyingi za bei nafuu hupima AC (umeme wa ukutani) pekee, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.
- Waya wa sola wa milimita 4 au 6 za mraba, na viunganishi vya MC4 (vile vya kuchomeka nyaya za paneli) vya aina moja.
- Breka ya DC, kinga ya radi ya DC, na waya wa ethi.
- Kikokotoo, karatasi na kalamu. Hivi ndivyo vinavyorukwa mara nyingi kuliko vyote.

Hesabu zilizo katika hatua zinazofuata unaweza kuzifanya mwenyewe mezani. Kazi ya kuunga nyaya na kuunganisha na umeme wa nyumba mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, kwa sababu volti 300 za DC huweza kumuua mtu.

## Hatua ya 1: Tenganisha ampea tatu za kibandiko cha inveta

Hapa ndipo wengi hupotea. Kibandiko cha inveta huwa na ampea za aina tatu, na kila moja ina kazi yake.

Za kwanza ni ampea za kuchaji betri. Hizi ni nyingi, mara nyingi 80, 100 au 120, na ndizo muuzaji anazozitaja kwa sauti. Hazihusiki na paneli. Ni mkondo unaotoka kwenye inveta kwenda kwenye betri ya volti 48, baada ya volti kubwa za paneli kushushwa.

Za pili ni ampea za kuingia kutoka kwenye paneli, ambazo kwa kawaida huwa karibu na neno PV, yaani paneli. Ni chache, kama 13, 15, 18, 22 au 27. Hiki ndicho kiwango cha juu ambacho inveta itakitumia. Paneli zikiwa na uwezo wa kutoa zaidi, inveta hukataa ziada, nawe unapoteza wati bila kuona taa yoyote nyekundu.

Za tatu ni ampea za shoti za upande wa paneli, ambazo alama yake ni Isc. Ni kubwa kidogo kuliko za pili. Hizi ni mpaka wa usalama: ikitokea hitilafu ndani ya inveta au waya ukigeuzwa, huu ndio mkondo ambao sehemu zake za ndani zimeundwa kuustahimili.

Katika mwongozo huu nitatumia inveta ya mfano ya kilowati 5, betri ya volti 48, yenye maandishi haya: wati za paneli 5,500, volti ya juu kabisa ya paneli 450, eneo la MPPT (sehemu ya inveta inayotafuta volti ambayo paneli hutoa wati nyingi zaidi) kuanzia volti 120 hadi 430, ampea za kuingia 18, ampea za shoti 23, ampea za kuchaji 100. Namba za inveta yako zinaweza kutofautiana na hizi, kwa hiyo andika zako pembeni na urudie kila hesabu kwa kuzitumia.

Onyo. Inveta nyingine zina matundu mawili ya paneli lakini MPPT moja tu. Matundu hayo yameungana kwa ndani, na ampea zake hujumlishwa. Usichukulie kwamba matundu mawili ni vikomo viwili hadi kitabu kiseme wazi kwamba MPPT ni mbili.

Umefanikiwa ukiwa na namba sita kwenye karatasi, na ukiweza kumweleza mtu wa nyumbani tofauti kati ya ampea 100 na ampea 18.

## Hatua ya 2: Soma mgongo wa paneli

Andika namba nne: Voc, ambayo ni volti ya paneli isiyounganishwa na kitu, Vmp, volti yake inapofanya kazi, Isc, ampea zake za shoti, na Imp, ampea zake inapofanya kazi. Kisha tafuta kwenye karatasi ya kiwandani asilimia inayoonyesha volti inavyobadilika kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa paneli nyingi za sasa ni kati ya hasi 0.25 na hasi 0.30.

Paneli ya mfano ni ya wati 550: Voc 49.8, Vmp 41.9, Isc 13.9, Imp 13.1, na badiliko la Voc ni hasi 0.27 ya asilimia kwa nyuzi.

Namba hizi zote zimepimwa kiwandani paneli ikiwa na joto la nyuzi 25 na mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba. Juu ya bati la nyumba ya Mafinga au Uyole, hali hiyo hupatikana mara chache sana. Asubuhi paneli huwa baridi kuliko hapo, na mchana huwa moto kuliko hapo.

Ukubwa wa wati pekee usikudanganye. Paneli za wati 650 na kuendelea, zilizoundwa kwa seli kubwa, huweza kuwa na ampea 17 au 18 katika paneli moja, ilhali paneli za zamani za wati 330 zina ampea kama 9. Mtu mwenye inveta ya ampea 15 akinunua paneli kubwa kuliko zote zilizopo soko la Mwanjelwa kwa kudhani anapata faida, ameshapoteza kabla hajafika nyumbani.

## Hatua ya 3: Hesabu volti ya alfajiri ya baridi

Anza na volti kabla ya ampea, kwa sababu kuzidisha ampea za kuingia hupunguza tu mavuno, lakini kuzidisha volti huua inveta. Inveta haina uwezo wa kukataa volti. Volti hufika kwenye sakiti zake zenyewe mara tu mwanga unapogusa paneli.

Kadiri paneli inavyopoa, ndivyo Voc inavyopanda. Tena haihitaji jua kali: mwanga hafifu wa saa moja asubuhi unatosha kuifikisha Voc karibu na kilele chake, huku paneli ikiwa bado na baridi ya usiku na inveta ikiwa haijaanza kuvuta mkondo. Usiku usio na mawingu, paneli iliyoelekea angani hupoa hata chini ya joto la hewa kwa nyuzi kadhaa.

Chagua joto la chini la kutumia kwenye hesabu. Kwa Mbeya mjini na Iringa mjini mimi hutumia nyuzi 5. Kwa Njombe, Makete na maeneo ya juu ya Mufindi, ambako umande huganda juu ya majani ya viazi mwezi Juni na Julai, natumia sifuri. Kwa vijiji vinavyozunguka Kitulo nashuka hadi hasi 3. Kyela, Usangu na Pawaga ni bondeni, na nyuzi 12 zinatosha.

Kanuni ni hii: toa joto ulilochagua kutoka 25, zidisha kwa asilimia ya badiliko, kisha ongeza matokeo kwenye Voc. Kwa Makete, tofauti ni nyuzi 25. Zidisha kwa 0.27, unapata asilimia 6.75. Voc ya 49.8 inakuwa volti 53.2 kwa paneli moja.

Sasa gawanya kikomo cha inveta kwa namba hiyo: 450 gawanya kwa 53.2 ni 8.46. Kata sehemu ya desimali, usiikadirie kwenda juu. Jibu ni paneli 8 katika mfululizo, yaani zilizoungwa moja nyuma ya nyingine kuwa mnyororo mmoja, basi.

Angalia kilichompata yule wa paneli tisa. Kwa namba za kibandiko, 9 mara 49.8 ni volti 448.2, na kikomo ni 450. Kwenye karatasi inapita kwa volti moja na ushei. Asubuhi ya Makete volti hizo zinakuwa 478. Hata Kyela, kwa nyuzi 12, zinafika karibu 464. Mpangilio ule haukuwa salama mahali popote ambapo alfajiri hushuka chini ya nyuzi 23, na sijui kijiji cha nyanda hizi ambacho hakishuki hapo. Niliwahi kuifungua inveta iliyokufa kwa namna hii. Ndani palikuwa na harufu ya kuungua na kapasita zilizovimba, na duka lililoiuza lilikataa dhamana kwa sababu kumbukumbu ya inveta ilikuwa imehifadhi kosa la volti kuzidi. Kusema kweli, walikuwa na haki.

Umefanikiwa ukiwa na namba moja: idadi ya juu ya paneli katika mnyororo mmoja, iliyohesabiwa kwa baridi ya kwako.

## Hatua ya 4: Hesabu volti ya mchana wa joto

Huu ni upande wa pili wa shilingi ile ile, nao ni mfupi. Mwezi Oktoba paneli iliyo juu ya bati huweza kufika nyuzi 65, na volti yake ya kazi hushuka kwa takriban asilimia 14. Vmp ya 41.9 inakuwa volti 36.

Eneo la MPPT la inveta ya mfano linaanzia volti 120. Gawanya 120 kwa 36, upate 3.33, na safari hii panda kwenda namba kamili inayofuata: paneli 4 ndizo za chini kabisa katika mnyororo. Ukiwa na 3, asubuhi mfumo utafanya kazi na utajisifu, lakini jua likipamba moto volti zitashuka hadi 108 na inveta itaanza kuyumba au kukatiza. Watu wa Kyela na Mbarali hulalamikia hili zaidi kuliko wa milimani.

Kwa hiyo mnyororo wa mfano wetu ni wa paneli 4 hadi 8.

## Hatua ya 5: Hesabu ampea

Kumbuka kanuni mbili tu. Paneli zikiungwa kwa mfululizo, ambao mafundi wengi huuita sirizi, volti hujumlishwa na ampea hubaki zile za paneli moja. Zikiungwa sambamba, ampea hujumlishwa na volti hubaki zile zile.

Kwa kila mpangilio unaoufikiria, fanya majaribio mawili.

Jaribio la kwanza: Imp mara idadi ya minyororo isizidi ampea za kuingia za inveta. Jaribio la pili: Isc mara idadi ya minyororo, mara 1.25, isizidi ampea za shoti za inveta.

Ile 1.25 ni nafasi ya usalama, na huku kwetu usiiondoe. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Katika masika, jua linapotokeza kati ya mawingu meupe, paneli hupokea mwanga wa moja kwa moja pamoja na ule unaoakisiwa na kingo za mawingu, na kwa dakika chache mkondo huzidi ule ulioandikwa mgongoni mwake.

Tumpime sasa yule mwenye paneli sita.

Mpangilio wa kwanza ni minyororo miwili ya paneli tatu tatu. Imp ni 13.1 mara 2, yaani 26.2, na kikomo ni 18. Umeshindwa. Isc ni 27.8 hata kabla ya kuzidisha kwa 1.25, na kikomo ni 23. Umeshindwa. Volti ya mchana ni 108, chini ya 120. Umeshindwa mara ya tatu. Inveta inapobana mkondo kwenye ampea 18, hata volti ikipanda kufidia kidogo, mavuno hayavuki wati 2,400 hivi. Hapo ndipo wati zinapopotea kila mchana wa jua kwa yule mtu wetu wa kwanza.

Mpangilio wa pili ni paneli zote sita katika mnyororo mmoja. Imp ni 13.1, chini ya 18. Isc mara 1.25 ni 17.4, chini ya 23. Volti ya alfajiri Makete ni 319, chini ya 450. Volti ya mchana ni 216, juu ya 120. Umepita mitihani yote minne kwa paneli zile zile na inveta ile ile, bila kuongeza hata shilingi. Kwa kweli waya unaohitajika ni mfupi zaidi.

Kwa nini basi mafundi wazoefu huendelea kuunga sambamba? Ni mazoea ya mifumo midogo ya volti 12, ambako paneli zote ziliungwa sambamba kwenda kwenye chaji kontrola, na ilikuwa sahihi kwa vifaa vile. Mikono hukumbuka kuliko kitabu. Fundi wako akianza kutoa viunganishi vya matawi kwenye mfuko wake kabla hajasoma kibandiko, msimamishe kwa adabu na mweleze hesabu.

Sasa kuhusu zile wati 5,500. Kwa paneli hizi za ampea 13.1 na inveta hii, huwezi kuzifikia. Mnyororo mmoja unaishia paneli 8, yaani wati 4,400, na mnyororo wa pili unavunja kikomo cha ampea. Paneli za zamani za wati 330, zenye Imp 8.7 na Isc 9.1, zinaweza: minyororo miwili inatoa ampea 17.4, na Isc mara 1.25 ni 22.75, ambayo inapita kwa unywele. Nane kila mnyororo zinatoa wati 5,280. Paneli ndogo zimeishinda kubwa. Kabla ya kununua, leta namba dukani, si idadi ya wati.

Onyo. Ukizidisha ampea za kuingia peke yake huku ukibaki chini ya ampea za shoti, inveta nyingi hubana tu na kuendelea. Ukizidisha ampea za shoti, unaondoa kinga, na dhamana huenda nayo. Usichanganye makosa haya mawili, wala usikubali mtu akuambie kwamba "inajibana yenyewe" kwa jambo la pili.

## Hatua ya 6: Chora mpangilio kabla ya kupanda paani

Chora kila paneli kama kisanduku, andika chanya na hasi, na unganisha kwa mstari. Chini yake andika volti ya alfajiri, volti ya mchana, Imp na Isc. Mchoro huu ndio utakaomwongoza atakayekuja kurekebisha miaka mitano ijayo.

Paneli za mnyororo mmoja ziwe za aina moja na zielekee upande mmoja. Ukiweka paneli ya ampea 9 katika mnyororo wa paneli za ampea 13, zote zitaburutwa kwenye ampea 9, kama ng'ombe wa plau waliofungwa nira moja na ndama. Kivuli cha mparachichi juu ya paneli moja huleta hasara ya namna hiyo hiyo.

Sisi tuko kusini mwa ikweta, takriban nyuzi 8 hadi 9, kwa hiyo paneli zielekezwe kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Paa likiwa na pande za mashariki na magharibi tu, na inveta ikiwa na MPPT mbili za kweli, kila upande upate MPPT yake. Ikiwa MPPT ni moja na lazima uunge sambamba, hesabu Isc za pande zote mbili kwa ukamilifu, ingawa vilele vyake havifiki kwa wakati mmoja.

## Hatua ya 7: Nyaya, breka na kinga

Kwa mnyororo mmoja wa ampea 13, waya wa milimita 4 za mraba unatosha. Umbali kutoka paani hadi kwenye inveta ukizidi mita 20 hivi, tumia milimita 6. Fyuzi za kila mnyororo zinahitajika pale minyororo inapofika mitatu au zaidi, kwa sababu miwili yenye afya huweza kusukuma mkondo wake kurudi ndani ya mmoja ulioharibika. Ukubwa wa fyuzi usizidi ule ulioandikwa mgongoni mwa paneli.

Breka lazima iwe ya DC, na volti zake zizidi volti ya alfajiri uliyoipata katika Hatua ya 3. Kwa paneli sita zenye volti 319, chukua ya volti 500. Breka ya AC ya kawaida haifai hata ikiwa na ampea nyingi: umeme wa AC hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde na cheche huzimika, ilhali wa DC haupiti kwenye sifuri, na cheche inaendelea kuwaka ndani ya plastiki hadi kisanduku kishike moto.

Radi katika nyanda hizi si jambo la kupuuza, hasa kuanzia Novemba. Weka kinga ya radi ya DC karibu na inveta, na unganisha fremu za paneli zote na reli kwenye ethi.

Onyo. Usichomoe kiunganishi cha MC4 wakati inveta inavuta mkondo. Zima inveta, kata breka ya DC, ndipo uguse viunganishi.

## Hatua ya 8: Pima kabla ya kuunganisha

Pima kila paneli peke yake kabla ya kuiunga. Mchana wenye jua utapata volti kati ya 44 na 49 kwa paneli ya mfano, kutegemea joto lake. Paneli inayosoma theluthi moja pungufu kuliko wenzake ina kasoro ndani, irudishe dukani.

Unga mnyororo, breka ikiwa imekatwa, kisha pima ncha zinazofika kwenye breka. Paneli sita zisome kati ya 264 na 294 mchana. Ukisoma pungufu kwa volti kama 50, umeruka paneli moja. Ukisoma pungufu kwa volti kama 100, kuna paneli moja iliyogeuzwa, kwa sababu inajitoa yenyewe na kuitoa nyingine.

Sasa angalia chanya na hasi. Multimita ikionyesha alama ya kutoa mbele ya namba, waya zimegeuka. Usitegemee rangi. Nimeona waya mwekundu uliofungwa hasi na fundi aliyeishiwa na mweusi, naye aliondoka bila kumwambia mwenye nyumba.

Umefanikiwa volti zikikaribiana na hesabu na alama ikiwa chanya. Kama havikubaliani, usiwashe breka kwa matumaini.

## Hatua ya 9: Washa na uhakiki

Washa kwa utaratibu: betri kwanza, kisha inveta, kisha breka ya paneli, mwisho mizigo ya nyumbani. Kuzima ni kinyume chake.

Subiri siku isiyo na mawingu. Kwa kuwa Mbeya na Iringa ziko magharibi ya mstari unaotawala saa yetu, jua halifiki kilele saa sita kamili bali karibu na saa saba kasoro robo, na huo ndio wakati wa kupima. Soma kwenye kioo volti na ampea za upande wa PV, si za betri. Kwa paneli sita za mfano tarajia volti 215 hadi 245, ampea 11 hadi 13, na wati 2,600 hadi 3,000.

Ukiona wati 300 tu, usikimbilie paani. Betri ikiwa imejaa na nyumbani hakuna kinachotumika, inveta haina pa kupeleka umeme, nayo huvuta kidogo kwa makusudi. Washa pasi na birika la umeme kwa pamoja, kisha soma tena.

Ampea zikisimama kama zimegandishwa kwenye namba ile ile ya kikomo, kwa mfano 18.0, kuanzia saa tano hadi saa nane, umebana: rudi Hatua ya 5. Volti zikiwa sawa lakini ampea zikiwa nusu ya matarajio, tafuta kivuli, vumbi, au paneli ya aina tofauti.

Jaribio la mwisho ni la baridi. Mwezi Juni au Julai, amka alfajiri siku moja, uanze kusoma pale kioo cha inveta kinapoonyesha volti za paneli kwa mara ya kwanza, kabla ampea hazijaanza kupanda. Namba utakayoiona isizidi ile ya Hatua ya 3, na ibaki chini ya kikomo kwa nafasi ya kuonekana.

## Kwa wenye inveta ndogo za volti 102 au 145

Zipo inveta nyingi za volti 24 na 48 zenye kikomo kidogo cha paneli, kama volti 102 au 145. Hapa shauri la mnyororo mrefu halifai. Paneli mbili za wati 550 kwa mfululizo ni volti 99.6 kwenye karatasi, na mwenye inveta ya 102 huona zinapita. Alfajiri ya Njombe ni 106, na inveta imekwisha.

Kwa inveta ya 102 tumia paneli moja moja sambamba, na uhesabu ampea kwa uangalifu, kwa sababu kila paneli inaongeza 13. Kwa inveta ya 145 mfululizo wa mbili unaruhusiwa, wa tatu hauruhusiwi. Waya wa kutoka paani uwe mnene, milimita 6 au 10, kwani ampea ni nyingi na volti ni chache. Mwenye mpango wa kuongeza paneli baadaye asiendelee kulisha inveta ya aina hii. Bei ya nyaya nene na viunganishi vya matawi huweza kukaribia tofauti ya bei kati yake na inveta ya volti 450.

Ukimaliza, bandika ule mchoro wa Hatua ya 6 ndani ya mlango wa kisanduku cha breka, ukiwa na tarehe, idadi ya paneli, na sentensi moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa yenye namba yako ya mwisho ya mnyororo; kwa inveta ya mfano wetu: MWISHO NI PANELI NANE.